Kuunga grili na gesi nyumbani Uganda: njia tano, kuanzia bora hadi ya kukataa

Mtu anayetafuta grili ya gesi Kampala macho humwendea kwenye mfuniko unaong'aa, idadi ya bana (vichwa vinavyotoa moto) na magurudumu. Nakuomba uiname kwanza utazame pale gesi inapoingilia. Ukibakiwa na pesa kidogo, chukua grili ya bei ya chini na ile tofauti uiweke kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, na mpira. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona mpira uliopasuka ukishika moto kwenye veranda ya jirani, watoto wakiwa hatua tatu tu kutoka pale.

Majumbani kwetu hakuna gesi ya bomba la mtaani. Tunatumia LPG ya mtungi, mchanganyiko wa propani na butani unaotufikia kwa malori kutoka pwani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki kwenda zake. Inashuka chini, inajikusanya. Na Kampala ni mji wa vilima: nyumba nyingi zina chumba au stoo upande wa mteremko, chini ya veranda. Kabla ya kununua chochote, amua grili itakaa wapi, na pahali hapo pawe wazi, mbali na mtaro, ngazi za kushuka na dirisha la chumba cha chini.

Nafasi ya kwanza naipa mtungi wa kilo 12 hadi 13 uliosimama nje kando ya grili, wenye regyuleta ya presha ndogo na mpira mfupi. Kwa familia nyingi hii inatosha kabisa. Grili ya bana tatu, kila moja kilowati 3, hula karibu gramu 700 za gesi kwa saa ukifungua zote, kwa hiyo mtungi wa kilo 12.5 utakupa kama saa 17 za moto mkali. Kuku na mbuzi wa Jumapili nyingi hizo.

Regyuleta ndiyo roho ya kazi. Nyuma ya grili au ndani ya mlango wake kuna kibandiko kinachotaja presha inayotakiwa, kwa kawaida milibari 28 hadi 30, nyingine 37. Namba hiyo ilingane na iliyoandikwa kwenye regyuleta. Vichwa vya mitungi pia havifanani: regyuleta iliyokaa vizuri kwenye mtungi wa kampuni moja inaweza kukataa au kulegea kwenye wa kampuni nyingine. Piga picha kichwa cha mtungi wako uende nayo dukani. Muuzaji akikwambia, "Bosi, hii inaingia kote," mwombe aifunge kwenye mtungi mbele yako. Tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda.

Mpira uwe wa gesi kweli, wenye maandishi ubavuni: LPG, namba ya kiwango na mwaka wa kutengenezwa. Usiokuwa na maandishi uache hukohuko, hata ukiwa mnene. Mpira wa kumwagilia bustani gesi huulainisha na kuupasua. Mita 1.5 inatosha, mrefu zaidi utakanyagwa, au utagusa chuma cha moto. Kila ncha ifungwe kwa klipu ya skrubu, kamwe si kwa waya wala kamba ya tairi. Ukiukunja ukaona nyufa ndogo, badilisha siku hiyohiyo. Hata usipoonyesha kasoro, usiuache upite miaka mitano.

Hapa nisimame kidogo kwa wanaopenda grili za mtumba zinazoingia kwenye makontena. Baadhi zilitengenezwa kwa gesi asilia, ile inayopita kwenye mabomba ya majumbani Marekani au Uingereza. Gesi hiyo ina nguvu chini ya nusu ya propani kwa ujazo uleule, ndiyo maana matundu ya jeti zake, zile pua ndogo zinazopitisha gesi kwenda kwenye bana, ni makubwa. Ukiiunga na mtungi wetu, moto unatoka wa njano, mrefu, wenye masizi, na unaweza kuruka nje ya grili. Mimi niliuziwa moja hivyo, muuzaji akiapa kwamba gesi ni gesi. Soma kibandiko: kama hakijataja LPG, propani au butani, iache, isipokuwa mtengenezaji wake anauza seti ya kubadilishia. Usimpe fundi wa kuchomelea aibadilishe kwa kubahatisha. Hata yenye jeti sahihi, kama imekaa stoo muda mrefu, safisha mirija ya bana. Buibui hujenga humo na moto ukageuka kuwaka nyuma kwenye vali.

Nafasi ya pili ni bomba la kudumu la shaba kutoka kwenye mitungi iliyofungiwa nje ndani ya kizimba chenye hewa, likiishia kwenye koki karibu na grili. Ni njia safi kuliko zote, na ningeipa ya kwanza kwa mwenye nyumba yake anayechoma kila wiki. Lakini inadai fundi wa gesi mwenye ujuzi uliothibitishwa, apime bomba kwa presha ukiwa unatazama. Mpangaji asihangaike nayo.

Ya tatu, mtungi wa kilo 6. Unafaa grili ndogo ya bana moja au mbili. Ukiuunga na grili kubwa zaidi, gesi ndani inachemka haraka kuliko mtungi unavyopata joto, chuma kinapoa na kutoa jasho, na moto unafifia nyama ikiwa nusu. Usiumwagie maji ya moto ili kuuamsha.

Ya nne ni kugawa mtungi wa jikoni kwa kiungo cha njia mbili, mpira ukipitishwa dirishani hadi nje. Siipendi. Kila kiungo ni pahali papya pa kuvuja, na dirisha litaukata mpira polepole bila wewe kujua. Afadhali uhamishe mtungi siku ya kuchoma.

Ya mwisho, ambayo naomba uikatae kabisa, ni regyuleta ya presha kubwa, ile ya kuzungusha inayotumiwa na majiko ya hoteli na sherehe. Ni ya bei nafuu na moto wake unavutia, lakini vali za grili ya nyumbani hazikuundwa kuihimili.

Chochote utakachochagua, siku ya kwanza funga koki zote za grili, fungua mtungi, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kwa brashi. Mapovu yakikua, funga mtungi na ukaze upya au ubadilishe, kiberiti kisikaribie. Rudia kila ukibadilisha mtungi. Bodaboda akiuleta amelaza, usimamishe na uuache utulie kabla ya kuunga. Mkimaliza kula, funga mtungi kwanza, uache moto ujizimie, ndipo ufunge koki za grili, ili mpira ubaki mtupu usiku kucha.