Fungu la vitabu viwili, Ngamiani: kimoja cha taaluma, kimoja cha kwenda Mwezini

Bei za duka hili la vitabu vya zamani la Tanga kwanza, maana ndizo zinazoulizwa na kila mtu. Riwaya ya zamani ya jalada jepesi inaanzia shilingi 3,000 na mara nyingi haizidi 6,000. Kitabu cha taaluma, kile cha chuo kikuu chenye ramani za kukunjua na faharasa nyuma, kinaanzia 12,000 na hupanda hadi 40,000 kama hakichapwi tena. Ukichukua kimoja cha taaluma pamoja na riwaya moja, riwaya unaipata kwa nusu bei. Mzee mwenye duka analiita hilo "fungu", kama fungu la dagaa, na hana mchezo na masharti yake: riwaya mbili si fungu, vitabu viwili vya historia si fungu. Lazima kimoja kiwe kizito na kingine kiwe cha kukurusha angani au kukuzamisha baharini.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba ya baraza, kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani. Halina kibao. Ukiona kabati la vioo na baiskeli imeegemezwa ukutani umefika, ingawa Tanga baiskeli zimeegemezwa kila ukuta, kwa hiyo ulizia tu kwa mzee wa vitabu. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi. Mzigo anaupata kwa wastaafu wanaohama nyumba, kwa shule zinazopunguza makabati, na kwenye maboksi yanayoshuka na mabasi kutoka Dar. Ndiyo maana mchanganyiko wake hauna kichwa wala miguu: kamusi ya 1939 imelala juu ya hadithi za kwenda Zuhura, botania ya Usambara imekaa jirani na mashine za kusafiri katika wakati.

Mimi ni karani wa ushuru na mizigo, kazi ya tarakimu kutwa nzima, na mwanzoni nilikwenda pale kutafuta historia tu. Nikamwambia nataka ya huku kwetu, ya milimani. Akanitolea kitabu cha Steven Feierman kuhusu ufalme wa Washambaa, kilichochapwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1974, kisha juu yake akaweka riwaya ya kwanza ya Jules Verne, ya 1863, ile ya wiki tano ndani ya puto. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii ya watoto sijaiomba." Akajibu bila kunitazama, "Mwanangu, wewe chukua. Hiki asubuhi, hiki usiku."

Basi hapo ndipo palipo na utamu wa huduma hii, na nitakaa hapo kidogo.

Puto la Verne linaanza safari Unguja. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga pwani hii. Alikaa Ufaransa akasoma ripoti za wasafiri wa Kizungu walioipeleleza Afrika, akina Burton na Speke wakiwemo, akapiga hesabu zake. Hesabu anazipenda kweli. Anakueleza haidrojeni inavyopashwa moto ili puto lipande na inavyoachwa ipoe ili lishuke, bila kumwaga gesi wala kutupa mchanga, mpaka mtu wa tarakimu kama mimi unashika kalamu kumkagua. Abiria wake watatu wanafika Kazeh, yaani Tabora, na watu wa pale wanalitazama puto wakidhani ni mwezi umeshuka. Unacheka, halafu unajiuliza unamcheka nani. Kutoka juu kule watu wa chini karibu wote hawana majina. Wanakimbia, wanapiga kelele, wanasujudu, puto linapita.

Ukiamka asubuhi ukafungua Feierman, watu wale wale wa chini wanapata majina. Burton na Speke kabla ya safari yao kubwa walipita Tanga na Pangani mwanzoni mwa 1857, wakapanda hadi Vuga, milimani Usambara, kwa Kimweri ye Nyumbai. Kwa wageni wale alikuwa mzee mmoja mlimani. Kwa Feierman ni mfalme anayehusishwa na mvua na neema ya nchi, aliyewaweka wanawe watawale sehemu mbalimbali, na ambaye baada ya kufa kwake mwaka 1862 nchi iliingia vitani. Semboja, mmoja wa wanawe, aliyekaa Mazinde kule bondeni kwenye njia ya misafara, ndiye aliyepata bunduki na mali za biashara, na nguvu zikahama kutoka mlimani kwenda tambarare. Nimepita Mazinde kwa basi mara nyingi nikisinzia. Sasa sisinzii tena nikifika pale.

Fungu la pili nililolipenda zaidi lilikuwa la samaki. Riwaya ilikuwa ya Arthur Conan Doyle ya 1912, yenye profesa mkali wa maneno anayeongoza watu hadi uwanda wa juu Amerika Kusini ambako mijusi mikubwa ya kale bado iko hai. Kitabu cha taaluma kilikuwa cha J.L.B. Smith cha 1956, kuhusu silikanti, samaki wa kale wa kilindini. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa silikanti ni nani, lakini wengi wetu tunaijua habari kuanzia wavuvi wa huku walipoanza kuwanasa kwenye majarife yanayoshushwa kilindini kutafuta papa, hadi hifadhi ya bahari ilipotangazwa mwaka 2009. Smith anakurudisha mwanzo. Desemba 1938, East London ya Afrika Kusini, mwanamke wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, anamwona samaki wa ajabu ndani ya lundo la meli ya uvuvi, magamba magumu, mapezi kama vikono. Wataalamu walikuwa wameshamzika samaki huyo tangu enzi za dinosaria. Kabla Smith hajafika kumwona, matumbo na nyama vilikuwa vimeoza, ikabaki ngozi. Akahangaika miaka 14 kumtafuta wa pili. Akachapisha vikaratasi vyenye picha na ahadi ya pauni 100, vikasambazwa pwani yote hii ya Afrika Mashariki. Alipopatikana Komoro mwaka 1952, Smith akampigia simu waziri mkuu wa Afrika Kusini kuomba ndege ya jeshi, na akapewa.

Hapo kitabu cha taaluma kinaishinda riwaya, tena mbali. Profesa wa Doyle anagombana na wenzake kwa kurasa nyingi mno, na nilianza kuziruka. Smith analia kwa ajili ya samaki na kitabu hukiweki chini.

Mafungu ya Mirihi nayapitia haraka. Percival Lowell aliandika mwaka 1895, kwa uzito wote wa mwanaastronomia, kwamba mistari aliyoiona Mirihi ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili ili kuokoa maji yao. Edgar Rice Burroughs akaja mwaka 1912 na sayari inayokauka, mifereji, panga na binti mfalme. Kile cha Lowell mzee aliniazima tu, bei hatujaafikiana, na niliona ni bora kuliko Burroughs, ambaye baada ya pambano la tatu yote yanafanana. Mwaka 1965 chombo Mariner 4 kikapita karibu na Mirihi na kuleta picha za mashimo, mfereji hata mmoja hakuna. Kwa hiyo fungu zima ni uongo mtupu, la taaluma na la riwaya. Nilimwambia hivyo mzee, akafurahi kuliko nilivyotarajia.

Jambo moja tumebishana na bado tunabishana. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, ya 1951, ameiweka kwenye rafu ya riwaya za angani, katikati ya Verne na H.G. Wells, Mwingereza wa hadithi za Mwezini. Mtoto wa Vibambani, aliyezaliwa 1909 umbali mfupi kutoka mjini hapa, amekaa na watu wa maroketi! Mimi nasema ile ni fumbo la utawala na sheria, mahali pake ni pengine. Mzee anahesabu kwa vidole: nchi yenyewe inaelea hewani, wajumbe wanatumwa pande zote, mmoja mbinguni, mwingine ardhini, na kila anayerudi na habari za maendeleo anafungwa. "Sasa mwanangu, Wells kamzidi nini?" Sijamkubalia, lakini nimeisoma tena nikiwa na swali lake kichwani, na ile safari ya mbinguni sikuisoma kama nilivyoisoma shuleni.

Sasa kasoro, maana zipo. Hewa ya Tanga haina huruma na karatasi. Vitabu vya jalada gumu vilivyoshonwa kwa uzi vinavumilia. Vile vya gundi, hasa riwaya za miaka ya 1960, mgongo umekauka na ukifungua kwa nguvu kurasa zinakutoka mkononi. Kagua hapo hapo. Fungua katikati, nusa, tazama madoa ya ukungu kwenye ukingo wa juu, halafu nenda kurasa za mwisho kabisa. Riwaya moja ya Wells niliyonunua, ile ya 1901 ya watu wa kwanza Mwezini, ilikatika jamaa bado yuko kule juu. Nilipoirudisha mzee hakubisha, akanibadilishia, ila nakala nyingine hakuwa nayo na mwisho wake nimeusomea kwenye simu. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari lake na wewe unaamini.

Kubwa zaidi ni lugha. Vitabu vya taaluma karibu vyote ni vya Kiingereza, na riwaya pia. Kwa mtoto wa sekondari anayetaka kuanza, bado ni ukuta. Vya Kiswahili anavyovipata vinaondoka siku ile ile, na hana utaratibu wa kumwekea mtu akiba; anayewahi ndiye anayepata. Hilo linaniudhi, hasa kwa mteja wa kila mara.

Kwa walioko nje ya mji, anatuma picha kwa WhatsApp. Picha zenyewe giza tupu, jalada tu, na usipomwomba ukurasa wa haki miliki hakutumii, kwa hiyo omba, ndipo utakapojua ni toleo la mwaka gani. Majibu huja baada ya Isha. Mzigo anaupeleka stendi mwenyewe, nauli ya kifurushi juu yako. Rafiki yangu wa Korogwe amepokea vyake vimefungwa kwa gazeti na nailoni mbili, vikavu. Ijumaa mchana amefunga, Ramadhani anafungua baada ya futari.

Ukimaliza kusoma anakinunua tena kwa nusu ya ulichotoa, mradi hujachora ndani. Feierman sijamrudishia. Amenipa ofa ya 15,000 na nimemwambia aendelee kuota, na yeye akaniambia basi nami niendelee kuota kuhusu Lowell. Mimi nimefika 25,000. Anataka 30,000, na *Kusadikika* yangu ya zamani juu yake.