Propela na shafti mpya za tishali letu: karakana ya upande wa Sahare, Tanga

Wadau wa majini nawapa mrejesho wa hii karakana maana naona watu wanaulizana kazi za shafti zipelekwe wapi na wengi wanaishia kupeleka Dar.

Tishali letu ni la chuma, la zamani, linabeba mchanga na simenti. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na injini haivuki rpm 1500 wakati kibao chake kinasema 1800, na karakana nyingine tulikoanzia walishatuambia injini imechoka tununue mpya. Fundi wa hapa injini hakuigusa kabisa. Kauliza giaboksi ni ngapi kwa ngapi, tukamwambia 2 kwa 1, yaani injini ikizunguka mara mbili shafti inazunguka mara moja, maji yalipokupwa akaenda tezini, nyuma ya chombo, akapima propela, ni 22 kwa 20, yaani upana wake inchi 22 na pichi 20, mapanga matatu. Akasema hiyo 20 maana yake kila ikizunguka mara moja inataka kwenda inchi 20, hiyo ni ya boti jepesi, tishali zito haliendi hivyo ndo maana injini inaelemewa. Tukafunga 22 kwa 14 ya mapanga manne.

Shafti ya zamani ilishalika pale kwenye pakingi inayozuia maji yasiingie ndani, ukipitisha ukucha unahisi mifereji, wakakereza mpya ya stenlesi. Na hapa ndipo waliponikosha kwa kweli: walipaka rangi ya buluu kwenye ile ncha iliyochongoka, wakavalisha propela, wakaivua, rangi imegusa upande mmoja tu, wakasaga kwa pesti ya kusagia wakarudia tena na tena mpaka ikagusa kote ndo wakaweka kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga propela izunguke na shafti, na nati. Mafundi wengi wanagonga nyundo tu ikiingia basi. Kaplingi inayounga shafti na giaboksi nayo wakagoma kuimalizia tukiwa mchangani, walisubiri tishali lielee kwanza kwa sababu bodi la chombo likiwa majini linakaa tofauti, halafu wakapima mwanya wa kaplingi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, pande zote.

Sasa hivi 1800 inafika, moshi umekata, mtetemo wa tezini hakuna, na tukienda Pangani na upepo wa kusi usoni tishali linasogea jamani, zamani tulikuwa tunakaa palepale.

Kilichoniudhi ni tarehe. Waliahidi kabla ya bamvua, yale maji makubwa, shafti ikachelewa, bamvua likapita na maji mafu hatuwezi kulipandisha pwani, tukangoja bamvua lingine huku vibarua wanalipwa. Na zinki, vile vipande vinavyoliwa badala ya chuma, hawakuweka mpaka nilipodai mwenyewe, wakati stenlesi, shaba na bodi la chuma vikikaa pamoja kwenye maji chumvi bila zinki chuma kinaliwa.

Bei imechangamka ila bado iko chini sana ya injini mpya. Ukienda beba namba za injini na giaboksi, zinki iandikwe kwenye risiti kabisa, na pakingi ya shafti msiikaze kupita kiasi hadi isitoe tone, ikiwa inazunguka iache idondoshe matone machache kwa dakika, ndo inavyopoa.