Tahadhari kwa wenye pikapu Pemba: oili chafu inauzwa ndani ya vidumu vizuri

Assalaam aleikum. Ndugu zangu wenye pikapu, na hasa mnaobeba watu na mizigo baina ya Mkoani, Chake na Wete, nawaomba msome hili kabla hamjamwaga oili mara nyengine.

Yuko mtu anazunguka magereji na vituo vya gari na vidumu vya lita tano nyuma ya gari ndogo. Jina lake simtaji wala gari yake siielezi, hilo nimelipeleka kunakohusika. Ninachotaka ni mujue anavyofanya, maana akiondoka yeye atakuja mwengine na mtindo ule ule.

Anakwambia mzigo wake ni wa Dubai, ndio maana kidumu ambacho mimi dukani nanunua elfu sabini yeye anauza elfu arobaini na tano. Halafu anakuvutia kijiti cha kupimia oili, anakupaka ile nyeusi kidoleni: "Tizama ami, hii imeshakufa." Akiona gari ina umri anaongeza kwamba gari kongwe itiwe oili nzito, 20W-50, injini itanyamaza kama mpya.

Hili la weusi niliseme mapema, kwa sababu linawapata wengi. Oili ya dizeli ikiwa nzuri hugeuka nyeusi siku chache tu baada ya kutiwa. Kazi yake mojawapo ni kuosha masizi na kuyabeba yasigande ndani ya injini. Weusi peke yake hauoneshi kuwa imekwisha. Hesabu kilomita zako, usisomewe kidole na muuzaji.

Mimi siku ile nilikuwa na haraka. Karafuu zimeshika, watu wa Konde wananipigia simu tangu alfajiri, na fundi wangu kasafiri kenda Unguja. Nikanunua kidumu kimoja. Hilux yangu ni ya injini ya dizeli ya 2KD, inachukua lita 6.9 pamoja na filta, kwa hiyo kidumu cha lita tano hakitoshi. Akanimiminia lita mbili za kupima ndani ya chupa za maji ya kunywa. Hapo ndipo ningelistuka. Oili ya kupima haina lebo, haina namba ya toleo, haina mwenyewe.

Hazikufika wiki tatu. Nimepakia saruji kutoka bandarini Mkoani, nikasimama Mtambile kushusha mifuko kumi, gari inanguruma pale pale. Taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa. Nikipiga resi inazimika, nikiachia inawaka. Nikazima injini, nikavuta kijiti, oili imejaa mpaka alama ya juu. Gari ikavutwa kwa kamba hadi Chake.

Fundi alipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili niliyouziwa kuwa ni nzito ilimwagika kama uji wa mgonjwa. Akachota kiganjani akakipeleka kwenye jua: ilikuwa inameta vumbi la rangi ya shaba. Ile ni metali, vile vibati laini vinavyoikumbatia krenki. Tabaka la juu lilishalika, shaba ya chini ikaanza kusagika. Tabo nayo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ukiishika shafti yake kwa vidole viwili ilikuwa inacheza. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Oili ikiwa imechoka na imechanganyika na dizeli, utando ule unakatika, chuma kinakula chuma.

Nimelipa milioni mbili na laki tatu, na gari imelala gereji msimu mzima wa karafuu. Kijana wangu anayenisaidia kupakia naye alikaa nyumbani bila ya kazi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Nilikuwa nimebakisha kidogo chupani ile ya kupima. Nikaiweka dirishani siku nne bila ya kuigusa. Juu ilibaki na rangi ya asali, chini kukatuama tope jeusi unene wa ukucha. Oili mpya haituami tope. Ile ni oili chafu iliyokusanywa, ikachujwa na kutiwa kwenye chombo chengine.

Na kidumu nilikitizama tena, safari hii kwa utulivu. Pete ya kizibo ilishawahi kukatika, imegundishwa kwa gundi. Kikaratasi cha rangi ya fedha kinachoziba mdomo kilikuwa kimekunjana upande mmoja. Mahali pa namba ya toleo pamesuguliwa. Na lebo ya mbele imeandikwa CI-4, ya nyuma CF-4. Mtengenezaji hawezi kusahau daraja la oili yake mwenyewe. Haya yote yalikuwa mbele ya macho yangu siku niliyonunua.

Sasa mukienda dukani, msiombe "oili ya dizeli nzuri". Ombeni kwa herufi. Kwenye daraja la API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Herufi inayofuata ikisogea mbele, daraja ni jipya zaidi: CF-4, CH-4, CI-4, na CK-4 iliyoanza mwishoni mwa 2016. Kidumu kilichoandikwa CI-4/SL kinafaa kote kuwili. Kilichoandikwa S peke yake msikitie kwenye dizeli hata kikiwa ghali. Namba kama 15W-40 zinaeleza uzito tu: ya mwanzo ni ya injini ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Kwa joto letu, ambapo hata usiku ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20, 15W-40 ya CI-4 inanitosha kwa 2KD. Gari yako ina kitabu chake, kifuate hicho. Wenye pikapu mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi muwe waangalifu zaidi, zile zinataka oili maalumu yenye majivu machache, na ukitia ya kawaida chujio linaziba.

Uzito mkubwa hauponyeshi injini iliyochoka. Unaficha mlio kwa muda tu, na asubuhi oili inachelewa kupanda juu.

Jengine, na hili liko mikononi mwetu. Vidumu hivi vya udanganyifu ni vyetu sisi, tulivyoviacha gereji. Ukishamimina, kitoboe kwa bisibisi chini na ubavuni, lebo uichane, mbele ya macho yako. Fundi akikwambia kidumu kizima ana mnunuzi wake, muulize mnunuzi anakipeleka wapi.

Malalamiko nimeyapeleka Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, pamoja na kidumu na ile chupa ya tope. Risiti sikuwa nayo, na hilo limenipunguzia nguvu. Kama nawe ulinunua kwa mtu wa namna hii msimu huu, usisubiri taa iwake. Mwaga oili yote leo, badilisha na filta, bakisha nusu lita kwenye chupa inayoonesha, na kidumu usikitoboe hicho, kiweke. Wanasikiliza zaidi tukienda wengi.