Fokasi ya kutafuta nyuso au kisanduku cha katikati?

Kamera nyingi ndogo za dijitali hukupa njia hizi mbili za fokasi, yaani za kuchagua kitakachotoka wazi pichani: kuiachia kamera itafute nyuso yenyewe, au kutumia kisanduku kimoja cha katikati ya kioo chake.

Kutafuta nyuso kunafaa harusini. Watu wakitazama kamera, visanduku huwakaa usoni, nawe unapiga. Ila mtu akigeuka upande au ushungi ukimziba uso, kamera humpoteza, na mara nyingi hushika kilicho karibu: ua, kiti, bega la jirani.

Mimi napenda kisanduku cha katikati, na anayeanza ningemfundisha hicho kwanza. Lenga jicho la mtu, bonyeza kitufe nusu, subiri kisanduku kigeuke kijani. Bila kuachia kidole, sogeza kamera upange picha, kisha bonyeza hadi mwisho. Usisogee mbele wala nyuma, maana umbali umeshafungwa. Kwenye mwanga hafifu, au ukielekea ukuta mweupe mtupu, lensi huhangaika bila kushika. Tafuta ukingo unaoonekana wazi, kama kola ya shati, ulio umbali uleule.

Kwa mtoto anayekimbia, kisanduku cha katikati kitakuchelewesha. Hapo rudi kwenye nyuso.