Bistro ya Kifaransa Njiro na mvinyo wake wa asili: uzoefu wangu

Kama unajiuliza iwapo ule mgahawa mdogo wa Kifaransa ulioko Njiro unastahili hela yako, jibu langu ni ndiyo, na sababu kubwa ni mvinyo. Chakula ni kizuri, kingine kizuri sana, lakini Arusha haijawahi kukosa chakula kizuri. Kilichokosekana ni mahali ambapo mhudumu anakuletea mvinyo, anakueleza ulivyotengenezwa, anakuonjesha tone, kisha anakuacha uamue. Kwa hiyo sitakaa sana kwenye mapambo wala muziki.

Ni nyumba ya kawaida ya kuishi, sebule imeunganishwa na baraza, meza ni chache na juu yake wametandika karatasi. Ukutani kuna ubao mweusi unaoandikwa kwa chaki kila siku, kutegemea kilichopatikana sokoni. Hizi bistro hata huko Paris ndivyo zilivyo: ni sehemu za mtaani, za chakula cha kushibisha kilichokaa jikoni muda mrefu, na mvinyo unaouzwa kwa glasi. Anayetafuta hoteli ya kitalii yenye sahani pana na kijipande cha samaki katikati, aende kwingine.

Nilikwenda na shangazi yangu kutoka Kibosho. Namtaja kwa sababu miaka mingi amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ya kuuza, na ada za shule za binamu zangu zimetoka humo. Ulimi wake kwenye vitu vilivyochacha nauamini kuliko wangu.

Tulianza na supu ya vitunguu. Vitunguu vinakaangwa kwenye siagi kwa moto mdogo mpaka vinakuwa vya kahawia na kutoa utamu wao, kisha vinatiwa mchuzi wa mifupa, juu unawekwa mkate mkavu na jibini, bakuli zima linaingia kwenye oveni. Ukiwa na haraka vitunguu vinaungua nje na kubaki vikali ndani. Hapa hawakuwa na haraka. Shangazi aliomba pilipili, wakamletea bila kukunja uso. Liki (mboga ya jamii ya kitunguu) za baridi zenye mchuzi wa haradali, siki na mafuta zilikuwa nzuri pia, ila chumvi ilipungua.

Sasa nyama. Boeuf bourguignon ni mchuzi wa ng'ombe wa eneo la Bourgogne, Ufaransa, unaopikwa kwa mvinyo mwekundu pamoja na uyoga, vitunguu vidogo na vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Asiyekula nguruwe aulize mapema. Mhudumu aliniambia wanaweza kuupika bila hiyo ukitoa taarifa siku moja kabla. Siri yake ni kuchagua sehemu ngumu ya ng'ombe, ile yenye mishipa ambayo mtu wa nyama choma angeikataa. Ikikaa kwenye moto wa chini saa tatu hivi, mishipa inayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito wenyewe, bila kuongezewa unga mwingi. Ng'ombe wetu wanatembea sana, nyama yao ina nguvu, na kwenye mchuzi wa aina hii nguvu hiyo inageuka kuwa faida. Nilisikia ladha ya nyama hasa, sikusikia viungo vya kuificha. Shangazi aliumaliza wote, akafuta sahani kwa mkate, na hiyo ndiyo namna sahihi ya kuula hata kwa Wafaransa.

Steki na chipsi nisingekushauri. Steki yenyewe ilikuwa sawa, lakini chipsi zilikuja zimelegea, zimenyonya mafuta. Kwenye mji huu ambao kila kona kuna kijana anayekaanga chipsi mbele yako zikatoka kavu, sahani ya shilingi 36,000 haiwezi kusamehewa hilo. Krimu ya mayai yenye sukari iliyochomwa juu ilikuwa safi, na vanila wanasema ni ya Kagera.

Mvinyo wao karibu wote ni ule unaoitwa wa asili. Zabibu zimelimwa bila dawa za viwandani na kuchumwa kwa mkono. Zinachachuka kwa chachu iliyomo kwenye maganda yake na kwenye pishi, si kwa hamira ya kununua. Hakuna kuongeza sukari wala asidi, na salfaiti, ile dawa ya kuhifadhi, haitiwi au inatiwa kidogo sana. Mwaka 2020 Ufaransa iliridhia alama ya "Vin Méthode Nature" kwa wanaofuata masharti hayo, na salfaiti kwenye chupa hairuhusiwi kuzidi miligramu 30 kwa lita. Sheria za Ulaya zinaruhusu mvinyo mwekundu wa kawaida usio na sukari ufike 150, na mweupe 200. Tofauti si ndogo.

Glasi ya kwanza ilikuwa Morgon, kutoka Beaujolais, kaskazini ya mji wa Lyon, Ufaransa. Zabibu ni Gamay. Huko ndiko mwendo huu ulikopata nguvu: mkemia na mfanyabiashara wa mvinyo Jules Chauvet, aliyeishi kuanzia 1907 hadi 1989, alionyesha kwamba zabibu safi zikitunzwa kwa uangalifu zinaweza kutoa mvinyo mzuri bila salfaiti. Wakulima kama Marcel Lapierre wa Villié-Morgon wakaifuata njia yake. Vichala vinaingia pipani vikiwa vizima, pipa linafungwa, na uchachukaji unaanzia ndani ya punje yenyewe. Ndiyo maana mvinyo huu unanukia matunda yaliyotoka kuchumwa na hauna ukakasi mwingi. Wanauleta umepoa kidogo, na kwa mchuzi ule wa nyama ulikaa mahali pake kabisa. Kama wewe unajua mvinyo mtamu tu, anzia hapa.

Glasi ya pili ndiyo iliyomwamsha shangazi. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, yenye ukungu, mashapo yametulia chini. Ni zabibu nyeupe zilizoachwa zichachuke pamoja na maganda yake, jinsi zabibu nyekundu zinavyofanyiwa. Watu wa Georgia, kule kwenye milima ya Caucasus, wanatengeneza hivyo tangu zamani kwenye mitungi mikubwa ya udongo inayozikwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utaratibu huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Uliokuwa mezani kwetu ulikuwa wa Ufaransa, wa bonde la Loire, zabibu za Chenin. Shangazi aliuangalia kwenye mwanga, akaunusa, akanywa taratibu.

"Mwanangu, huu umekaa na maganda siku ngapi?" alimuuliza mhudumu.

"Wiki tatu, mama."

"Na hawakuutia hamira?"

"Hawakutia, mama. Umechacha wenyewe."

"Basi ni kama mbege," akaniambia, na akaendelea kunywa.

Na kweli ni ndugu. Ndizi mbivu zinachemshwa, maji yake yanaachwa siku kadhaa yachachuke bila kutiwa hamira yoyote, kisha yanaungwa na uji wa ulezi uliooteshwa, na wengi wanatia gome la msesewe kuleta uchungu. Mbege ni kinywaji chenye uhai: jana hakifanani na leo, na kesho kutwa kimeshakuwa kikali. Aliyezoea kibuyu cha mbege hashtuliwi na mvinyo wenye ukungu, wala uchachu mdogo, wala vipovu vidogo vinavyochoma ulimi. Anayeshtuka ni yule aliyefundishwa kwamba kinywaji kizuri lazima king'ae kama maji. Naamini kwa dhati kwamba watu wa Kilimanjaro na Meru wana haki ya kukaa meza hii na kutoa hukumu bila kumwogopa mtu, maana elimu yake wanayo nyumbani.

Lakini uhai huo una hatari zake. Glasi ya tatu, mvinyo wa mapovu uliofungwa kwenye chupa kabla haujamaliza kuchacha, ilikuwa mbovu. Ukinusa huoni kitu. Ukimeza, sekunde chache baadaye kinywa kinajaa ladha ya zizi la panya. Kasoro hii inajulikana na inaupata zaidi mvinyo usio na salfaiti. Asidi ya mvinyo inaizuia isinuke kwenye glasi, mpaka ichanganyike na mate yako ndipo inajitokeza. Si "ladha ya asili" ya kuvumilia. Nilimwambia mhudumu, akaonja, akaenda kumwita mwenye mgahawa, naye akaonja, wakafungua chupa nyingine. Hawakubishana wala hawakunihesabia. Hapo waliniheshimu, na ndiyo sababu nitarudi.

Niliomba nioneshwe wanapohifadhi chupa, nikapelekwa. Ni chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kimewekewa kiyoyozi, chupa zimelazwa. Ukiwa unalipa bei hizi, nawe uliza. Mvinyo usio na kinga ukipigwa na joto barabarani au stoo unaweza kuanza kuchacha upya, kizibo kikasukumwa, na ladha ikaharibika. Pale wanaponing'iniza chupa juu ya kaunta karibu na jiko kama mapambo, mimi siagizi kitu.

Nina malalamiko mawili nataka wenye mgahawa wayasikie. Ubao wote umeandikwa Kifaransa na Kiingereza. Kijana aliyetuhudumia alianza na Kiingereza cha kukariri, akawa mkavu. Alipomwamkia shangazi "Shikamoo mama" na kuitikiwa, akageukia Kiswahili na akawa mtu mwingine: alieleza mapipa, maganda, chachu, machicha, tukamwelewa kila neno. Kama maelezo yapo kinywani mwa wahudumu, yaandikwe pia ubaoni. Kuna Watanzania wengi wenye uwezo wa kulipa wanaogeukia mlangoni kwa sababu hawataki kuuliza kila sahani ni nini.

La pili, hakuna hata chupa moja ya Dodoma. Najua mvinyo mwingi wa Dodoma si wa aina hii. Lakini kule kuna zabibu nyekundu ya Makutupora, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mtu anayejali ardhi na mkulima kiasi cha kuagiza chupa kutoka kijiji kimoja cha Beaujolais anaweza kukaa na mkulima wa Dodoma, amwombe amtengenezee pipa moja lisilochujwa wala kutiwa hamira, tuone linatoa nini. Mimi ningekuwa wa kwanza kulinunua.

Bei: supu 17,000, bourguignon 38,000, glasi ya mvinyo kati ya 18,000 na 28,000. Morgon ni 24,000 kwa glasi na 120,000 kwa chupa, na wanavyomimina, chupa inatoa glasi sita. Kwa hiyo mkiwa wanne mnaokunywa kitu kimoja, chukueni chupa. Mkiwa wawili, agizeni glasi tofauti na muonjeshane. Huduma haijumlishwi kwenye bili, na malipo kwa simu yanakubalika.

Jumatatu wamefunga. Ijumaa na Jumamosi meza zinajaa kabla ya saa mbili usiku, kwa hiyo piga simu mchana. Ukienda na mzazi kipindi cha Juni na Julai, omba meza ya ndani mapema, maana barazani baridi ya Arusha ni kali na mablanketi wanayogawa hayatoshi watu wote.