Ganzi Nzuri, Siasa Nyingi: Tathmini ya Kliniki Moja ya Meno

Ninaandika tathmini hii baada ya kuhudhuria kliniki moja ya meno mara nne, kwa ajili ya gego la chini upande wa kulia lililokuwa limeoza hadi kwenye kiini. Sitaitaja kliniki wala daktari wake, kwa kuwa ninacholalamikia ni tabia ambayo wagonjwa wengi wataitambua bila kutajiwa jina, na kwa kuwa daktari mwenyewe, nilipomweleza, alinisikiliza. Kwa anayetaka jibu la haraka: kazi ya mikono naipa nyota tano, mapokezi nyota nne, na mazungumzo nyota mbili, ambazo baada ya siku ya kwanza zilikuwa moja.

Nianze na mikono, kwa sababu haki yake asinyimwe. Daktari alipiga picha ya eksirei, akanigeuzia kioo cha kompyuta, akanionyesha kwa ncha ya kalamu kivuli kilichofika kwenye kiini na kingine kidogo chini ya mzizi, akaeleza kwamba jino linaweza kung'olewa au mizizi yake ikasafishwa na kuzibwa, kisha akanyamaza akisubiri uamuzi wangu. Nilipochagua kulitibu, alipaka kwanza dawa ya kufisha ufizi, akangoja ifanye kazi, ndipo akaingiza sindano ya ganzi polepole kiasi kwamba nilichohisi ni kusukumwa tu wala si kuchomwa. Kabla ya kushika drili aliniambia maneno ambayo madaktari wengi wa meno huwaambia wagonjwa wao: "Ukisikia maumivu yoyote, inua mkono wa kushoto, nitasimama papo hapo." Naomba msomaji aukumbuke mkono huo.

Baada ya robo saa nusu ya mdomo wangu, pamoja na nusu ya ulimi, haikuwa yangu tena. Jino lilikuwa limezungushiwa shiti ya mpira iliyoshikwa kwa kibanio cha chuma, ili mate yasiingie na dawa ya kusafishia mizizi, yenye harufu kama ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, isinimwagikie kooni. Bomba la kufyonza mate lilikuwa likikoroma pembeni ya shavu, na mimi nilikuwa nikitazama taa. Hapo ndipo siasa ilipoanza.

Alianza na kodi, akaja kwenye vibali, akafika kwenye kampuni za bima zinazochelewesha malipo, na kila alipomaliza hoja aliuliza, "Si ndivyo, ndugu yangu?" Nami nilijibu kwa sauti pekee niliyobaki nayo: "Mmh." Sisi tunaozungumza Kiswahili tunajua kwamba "mmh" yaweza kuwa kukubali, kukataa, kushangaa au kubeza, kutegemea inavyopanda na kushuka, lakini nyuma ya shiti ya mpira "mmh" zote hutoka sawa, na daktari wangu alizipokea zote kuwa za kukubali. Kufikia mzizi wa pili nilikuwa nimeunga mkono sera tatu ambazo nje ya kiti kile nazipinga. Aliposema kwamba wanaopigia kura upande ule mwingine ni watu wasiojua kuhesabu, nami nikiwa mmoja wao, niliinua mkono wa kushoto.

Drili ilisimama mara moja, kama alivyoahidi. "Inauma?" akauliza. Nikatikisa kichwa. "Sasa?" Sikuwa na namna ya kumweleza, kwa hiyo nikatikisa tena, na yeye, kwa huruma ya kweli kabisa, akaniongezea ganzi. Nilirudi nyumbani na mdomo uliolala hadi giza lilipoingia, nikiwa labda mgonjwa wa kwanza kutiwa ganzi kwa sababu ya hoja ya kodi.

Nilipotulia nilijaribu kumwelewa, na sidhani ni vigumu. Daktari wa meno, tofauti na madaktari wengi wa hospitali kubwa, mara nyingi ni tabibu na mwenye biashara kwa wakati mmoja: kiti, mashine ya eksirei, mishahara ya wasaidizi na pango la chumba vyote vinamwangalia yeye, na pengine bado anadaiwa mkopo wa masomo. Mtu wa namna hiyo akizungumzia kodi na bima anazungumzia meza yake mwenyewe. Mwenzake aliyeajiriwa katika huduma ya umma, anayeona kila siku watoto wenye meno yaliyooza, atazungumzia sukari, maji na bajeti, naye pia atakuwa anazungumzia meza yake. Sitarajii fani hii iwe na kauli moja ya kisiasa, wala sitarajii isiwe na kauli. Historia yenyewe haiiruhusu: Joaquim José da Silva Xavier, aliyeuawa nchini Brazil mwaka 1792 kwa kula njama dhidi ya utawala wa Ureno, anakumbukwa zaidi kwa jina la Tiradentes, yaani mng'oa meno, kwa kuwa hiyo ilikuwa mojawapo ya kazi zake, na Turkmenistan iliongozwa tangu 2007 hadi 2022 na rais aliyesomea udaktari wa meno, Gurbanguly Berdimuhamedow. Mambo haya mawili nilielezwa na daktari wangu mwenyewe, katika ziara ya pili, kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumsimulia.

Kwa hiyo kasoro ninayoipima katika tathmini hii si msimamo wake. Hata angekuwa na mawazo yangu yote, bado ningeandika. Kasoro ni kwamba mazungumzo yanahitaji midomo miwili inayofanya kazi, na katika chumba kile kuna mmoja tu. Mwingine umejaa pamba, mpira na vidole vya msemaji. Halafu kuna jambo la hofu, ambalo madaktari hulisahau kwa sababu wao wamesimama upande wa mpini. Mgonjwa aliyelala chali chini ya taa, ambaye neva yake iko wazi, hapimi hoja kwa uhuru. Anapima nani ameshika chuma. Niliona nafsi yangu ikitafuta namna ya kumfurahisha, na hilo lilinikera kuliko kauli yoyote aliyoitoa. Mgonjwa anayejua kwamba yuko upande ambao daktari ameudharau atajiuliza pia swali baya zaidi: je, nikimwambia jino la upande wa pili nalo linauma, ataniamini?

Swali hilo si la woga mtupu. Mwaka 2016 Eitan Hersh na Matthew Goldenberg, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, walichapisha utafiti uliowalinganisha madaktari wa huduma za msingi nchini Marekani kwa kufuata chama walichojiandikisha. Katika masuala yaliyogeuka ya kisiasa, kama vile bangi, utoaji mimba na bunduki nyumbani, madaktari wa vyama viwili walitofautiana katika uzito waliolipa suala na ushauri ambao wangempa mgonjwa. Katika masuala ambayo hayajaingizwa siasani, tofauti hiyo haikuonekana. Hao hawakuwa madaktari wa meno, na ninaungama kwamba sioni njia ya kutibu mzizi kwa kufuata ilani ya chama. Lakini nilipousoma niliona kwamba sikuwa nimejibunia wasiwasi wangu mwenyewe.

Ziara ya pili nilizungumza naye kabla ya ganzi, wakati bado nina ulimi. Nilimwambia, "Daktari, kazi yako sina neno nayo, lakini siku ile mkono niliuinua kwa sababu ya siasa." Alinyamaza, akavua glavu moja, akacheka kidogo kwa aibu. Akasema kwamba anazungumza ili mgonjwa asisikie mlio wa drili, kwamba wengi huja wakitetemeka, na kwamba ukimya humfanya mgonjwa ahesabu kila mguso. Msaidizi wake, aliyekuwa akipanga vifaa, alisema bila kugeuka, "Nilishakuambia, daktari." Ndipo nikajua kwamba sikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Utetezi wake una ukweli ndani yake. Siku hiyo alipojaribu kufanya kazi kimya wakati akiziba mizizi, nilisikia kila kitu: mlio wa vifaa, pumzi yake nyuma ya barakoa, hata saa ya ukutani. Baada ya dakika ishirini nilikuwa natamani mtu yeyote aseme lolote, hata kuhusu kodi. Akaanza kusimulia juu ya Tiradentes, na nikashukuru.

Ziara ya tatu ndiyo iliyopandisha nyota. Nilikuwa na ziba la zamani la rangi ya fedha katika gego la juu, nikamuuliza kama liondolewe. Alijibu kwa muda mrefu, nikiwa nimeketi wima, mdomo wangu ukiwa huru, na karibu kila alichosema kilikuwa siasa. Alieleza kwamba amalgamu, ndiyo hiyo iliyotumika katika ziba langu, hutengenezwa kwa zebaki iliyochanganywa na madini mengine, kwamba Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi yake, na kwamba Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwa matibabu mapya tangu Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa anaihitaji. Lakini ziba langu lilikuwa zima, na kulichimba bila sababu kungetoa mvuke wa zebaki zaidi kuliko kuliacha. Alieleza jinsi mji wa Grand Rapids, jimboni Michigan nchini Marekani, ulivyoanza kuongeza floridi, madini ya kuimarisha meno, katika maji ya bomba mwaka 1945, na kwa nini ubishi kuhusu hatua hiyo bado haujaisha. Alieleza pia kwamba Aneurin Bevan, waziri aliyesimamia kuanzishwa kwa huduma ya afya ya taifa ya Uingereza mwaka 1948, alijiuzulu mwaka 1951 serikali yake ilipoamua wagonjwa wachangie gharama za meno bandia na miwani. Kuhusu bima, hasira yake ya siku ya kwanza ilipata sura: wapigakura wa Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, mwaka 2022, walipitisha sheria inayozitaka kampuni za bima ya meno zitumie angalau asilimia 83 ya michango kwa matibabu, na yeye anaona kila mahali pangefaa kuwa na kanuni kama hiyo.

Hapo nilibishana naye, akanijibu, nikamjibu tena. Ni mtu yule yule mwenye msimamo ule ule, ila sasa suala lilihusu kinywa changu, na kinywa changu kilikuwa na haki ya kusema. Nadhani daktari wa meno anayekataa kabisa kugusa mambo haya humnyima mgonjwa elimu anayoilipia. Wagombea na vyama ni habari nyingine. Hivyo sikuvifuata pale.

Machache ya kumalizia huduma nyingine. Mapokezi hujibu simu na hukumbusha miadi siku moja kabla. Vifaa vilifunguliwa kwenye pakiti mbele yangu kila mara. Gharama zilielezwa kwa maandishi kabla ya kazi na hazikuongezeka. Nyota moja nimeipunguza mapokezi kwa sababu ya kuchelewa: katika ziara zote nne hakuna hata moja iliyoanza kwa wakati, na hakuna aliyeniomba radhi.

Ziara ya nne ilikuwa ya kuvisha gego kofia yake. Kabla ya kuanza daktari alinipa utaratibu mpya aliosema sasa anautumia kwa wagonjwa wote: mkono mzima kwa maumivu, vidole viwili kwa mazungumzo. Akatia ganzi kidogo kwa ajili ya ufizi, akapima kofia, akaitoa, akaisugua, akaipima tena, na huku akisubiri gundi ikauke akaanza, "Ulisikia walichosema jana kuhusu bajeti?" Nikainua vidole viwili. Akakata sentensi katikati, na msaidizi akacheka kwa sauti.

Nilipokwisha kusukutua, alishusha barakoa, akavuta kiti chake cha magurudumu mbele yangu, akasema, "Haya, sasa jibu." Nilikuwa na majibu ya wiki kadhaa. Niliyatoa yote, shavu likiwa bado zito na neno "kodi" likinitoka limepinda, kwa muda ambao baadaye niligundua ulizidi robo saa, naye alisikiliza bila kunikatiza. Nilipotoka, mama mmoja aliyekuwa ameshika shavu lake kwenye chumba cha kusubiria alitazama saa, kisha akanitazama mimi.