Ustaarabu wa Kale au Historia ya Kale: uchague somo lipi kwenye A-Level?
Uingereza, masomo yote mawili hutahiniwa na bodi ya OCR, na si lazima ujue Kigiriki wala Kilatini. Maandishi husomwa kwa tafsiri.

Ustaarabu wa Kale humfaa mpenda fasihi. Tenzi za Homer na Virgil ni lazima, nazo hubeba asilimia 40 ya alama. Kisha unaongeza mada nyingine mbili, mathalani tamthilia ya Kigiriki.

Historia ya Kale ni ya mbishi: Wagiriki dhidi ya Waajemi, makaisari kuanzia Augustus hadi Nero, na swali lisilokwisha, Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aaminiwe kiasi gani? Kama tayari unasoma Historia ya kawaida, insha zitafanana mno. Mimi ningechukua la kwanza, kwa ajili ya Odysseus tu, shujaa wa Homer.